Muguu Moja Iko Basoko

Bibi yangu, muke niliyeoa, ana muguu moja hapa Mangobo, na ingine iko Basoko. Nikisema vile mbele ya mutu asiyetujua, anacheka, anafikiri muzee amekunywa asubuhi. Lakini ni kweli tupu. Ile ya kushoto iko naye hapa ndani ya parcelle, kiwanja yetu, anainyoosha juani wakati anachagua majani ya sombe. Ile ya kuume inalala Basoko, pale maji ya Aruwimi inaingia ndani ya muto mukubwa, nyuma ya nyumba ya noko yake. Noko, ndiyo mujomba, ndugu ya mama yake. Sisi watu wa Kisangani tunachanganya Kiswahili na Lingala ndani ya sahani moja na hakuna mutu anaumwa tumbo.

Sasa ile ya kushoto nayo imetoa kidonda. Kidogo, chini ya kidole kikubwa, kama mbegu ya pilipili. Ni mimi nilikiona, juu ya sababu macho yake imepungua, na yeye hasikii maumivu tena kwenye nyayo. Nilimwambia, "Mama, tuende hospitali." Akajibu bila kuinua kichwa: "Munganga yangu akirudi, nitaenda."

Munganga yake, ndiyo daktari wa hospitali, alitoka hapa Kisangani tangu wakati mrefu, na hatujui alipo.

Niseme kidogo mimi ni nani. Sikusoma sana, nilifika darasa ya tatu, halafu baba akasema mikono yangu inatosha. Kazi yangu ilikuwa baiskeli. Kwanza niliendesha toleka, ile baiskeli yenye mto nyuma ya kubebea watu, nilibeba wanafunzi, wamama na mabeseni yao, siku moja hata bibi-arusi na nguo yake nyeupe tukaifunga juu isiingie ndani ya mnyororo. Halafu mugongo ikakataa, nikaanza kutengeneza za wengine. Halafu pikipiki zikakuja na toleka zikapungua. Wenye kuleta makala kutoka vijijini bado wananiletea magurudumu yao. Naachia hapo, juu bibi anasemaka: "Wewe ukiulizwa njia ya soko, unaanza na kuzaliwa kwa Adamu."

Bon. Muguu.

Alikuwa muuzaji wa samaki ya moshi. Kwao ni wavuvi, samaki ilitoka Basoko kwa boti, yeye aliiuza hapa sokoni. Siku moja alikanyaga mwiba ya ngolo, ndiyo kambale, na hakusikia kitu. Ni mimi niliona damu kwenye sandale. Hatukujua kama ana ugonjwa wa sukari, tulidhani ile kiu ni ya joto tu. Tukaosha na maji ya chumvi, tukafunga majani, dada za kanisa wakaomba. Muguu ikavimba, ikageuka rangi, ikaanza kunuka. Tukaenda hospitali tukiwa tumechelewa, sikatai.

Pale ndipo tulimuona. Kijana mwembamba, koti nyeupe, mufuko moja imepasuka na kalamu inachungulia chini. Alikuwa anatoka Kinshasa, na Kiswahili chake kilikuwa kama baiskeli isiyo na mnyororo: unakanyaga, unakanyaga, haiendi. Alisimama mwisho ya kitanda, mukono juu ya chuma, na kiatu chake kimoja kilikuwa tayari kinaangalia kitanda ya pili. Akasema: "Mama, muguu imeoza. Lazima kukata, leo ao kesho. Papa, utatia sahihi." Akaenda.

Sasa hapa lazima nieleze, juu ndiyo mahali tulipotezana. Kwetu, mutu mwenye neno kubwa anapewa kiti. Anaikala, anakaa chini. Anapewa maji. Anaulizwa habari ya njia na ya watu wa kwake, halafu mukubwa wa nyumba anamwambia: haya, leta neno. Hata anayeleta habari ya kifo, tunamuikalisha kwanza, ijapokuwa tumeisha kuisoma kwenye uso yake. Mutu akirusha neno akiwa wima, sisi tunahesabu kwamba amepita tu, atarudi kulileta. Hakuna anayemjibu, ingekuwa ni kumukosea heshima.

Alors, tukangoja arudi. Niliazima kiti kwa watu wa kitanda ya jirani, nikakipangusa. Bibi, pamoja na homa yake, alifunga kitambaa vizuri kichwani. Munganga akapita tena muchana, wima.

"Papa, umetia sahihi?"

"Bado, docteur. Tunakungoja."

Akaniangalia, akaenda. Asubuhi akarudi, wima, macho mekundu. "Papa, sahihi iko wapi?"

"Docteur, bado tunakungojea wewe."

"Munaningojea mimi? Ni mimi ndiye niko nawangojea ninyi!"

Nikamuonyesha kiti. Hakukiona. Mutu aliyechoka vile haoni kiti. Basi nikaongeza neno la pili, nikaharibu kabisa: "Na tena, docteur, muguu si yangu."

"Si bibi yako?"

"Ni bibi yangu. Lakini muguu ni ya kwao. Tungoje noko."

Kwa mutu wa kwetu sina haja ya kueleza. Mali niliyotoa ya ndoa ilinipa bibi, na kicheko yake, na makelele yake, na watoto. Mifupa yake ilibaki ya watu wake. Nikimruhusu mutu amkate bila wao, na afe juu ya meza, watakuja kuikala ndani ya parcelle yangu na kuniuliza: nani alikupa muguu ya mutoto yetu? Na sitakuwa na la kusema. Lakini kwa yule kijana sikueleza vile. Nilisema "tungoje noko" na nikafunga mudomo.

Akalipuka. "Kila siku ni vile! Kila familia! Munakuja wakati umepita, munangoja noko, munangoja koko, mugonjwa anakufa, halafu munapiga kelele kwamba munganga ameua! Mimi nimechoka! Nimechoka na ninyi wote!" Akapiga chuma ya kitanda na kiganja. 

Bibi yangu akafungua macho. "Mutoto huyu amekula?"

Infirmière, muuguzi, mwanamke mukubwa mwenye sauti ya chini, ndiye alijibu, munganga alipokuwa ametoka. "Hajakula, mama. Wenzake wawili wameondoka, mumoja kwa migodi, mumoja sijui wapi. Iko peke yake kwa wagonjwa hawa wote. Hajarudi kwake tangu juzi. Na wiki hii watatu wamemfia mukononi, na kila familia ilimtukana."

Mimi nilikuwa na hasira naye, sitasema uongo. Na nilikuwa na woga. Nilikuwa naangalia ile weusi ya muguu: jana ilikuwa chini ya kifundo, leo imekipita. Noko tulikuwa tumempigia simu, alikuwa kwenye boti, na boti ya Basoko inapanda muto kwa nguvu yake yenyewe, huwezi kuisukuma.

Alifika kesho yake asubuhi, pamoja na shangazi ya bibi. Noko alikuwa mufupi, mikono mikubwa ya kuvuta nyavu, kofia ya majani, na kwapani kiti yake. Ile kiti ilikuwa inamfuata kila mahali juu ya kiuno yake mbaya: kiti ya chini, ya mbao nyekundu, na kamba za mbugu zimesukwa katikati. Alimuangalia mutoto ya dada yake, akanusa, akauma mudomo. Halafu akaniuliza: "Munganga alisema nini?"

"Bado hajaikala, noko."

Akaelewa. Akatoka kwenye couloir, njia ya katikati ya vyumba, na mimi nyuma yake. Munganga alikuwa anatembea haraka, anasoma karatasi.

"Docteur, ni wewe uko na neno juu ya mutoto yetu?"

"Nilishasema, muzee. Nilisema mara na mara."

"Uliambia nani?"

"Mume yake, huyu hapa!"

"Ulikuwa umeikala?"

Yule kijana aliangalia infirmière, kama mutu aliyeulizwa swali ndani ya ndoto. "Muzee, mimi sina wakati ya kuikala."

"Sisi tuko nayo," noko akasema. "Tutakupa ya kwetu. Kuja."

Akamshika kiwiko, polepole, vile tunashikaka mukwe aliyekuja mara ya kwanza. Na munganga akafuata. Mpaka leo sijui kwa nini alifuata. Nadhani alikuwa amechoka hata kukataa.

Nyuma ya hospitali kuna kiwanja ambapo sisi wenye kulinda wagonjwa tunapikia. Moshi, masufuria, nguo zimeanikwa. Shangazi alikuwa amekwisha kuponda lituma, ndizi za makemba zilizoiva nusu, na samaki ya moshi ndani ya mawese. Noko akaweka kiti yake chini, yeye mwenyewe akaikala juu ya ndoo iliyogeuzwa. Munganga akaikala, na magoti ikapanda karibu na masikio.

"Angalia," shangazi akasema, "munganga amekuwa panzi."

Akacheka! Kidogo, kwa pua. Akanawa, akala. Alikula mbio, halafu polepole, halafu mukono ikabaki ndani ya sahani, na kichwa ikaanguka kifuani. Alikuwa amelala.

Infirmière akatokea kwenye mulango, akaona, noko akaweka kidole mudomoni, naye akarudi nyuma kama anatoka kanisani. Noko akavua kofia, akaanza kufukuza nzi juu ya sahani ya yule kijana.  Na mimi nilikuwa naangalia mulango, juu bibi iko kule ndani na homa, na weusi inapanda, na mwenye kisu amelala juu ya lituma. Nilitaka kukohoa. Noko akaniangalia, na nikaimeza ile kukohoa yangu. Ukimwamsha mutu mwenye kuchoka vile, unataka akate wapi?

Aliamka mwenyewe. "Pardon. Pardon, wazee."

"Hakuna neno. Sasa leta."

Akaleta. Alianza na sukari, namna gani inaua kusikia ndani ya nyayo, ndiyo maana mama hakulia juu ya mwiba. Nilimsikia kwa mara ya kwanza. Alipokosa neno alisema kwa Lingala, na noko alimrudishia kwa Kiswahili. Akasema kama hatukati, atakufa wiki hii, na kama tunakata anaweza kuishi. Shangazi akaanza kulia. Noko akauliza kitu ambacho mimi sikufikiri:

"Na muguu, utaipeleka wapi?"

"Tunaichoma."

Shangazi akasimama, machozi na hasira pamoja. "Utachoma mutu mwenye angali muzima? Kwenu Kinshasa munachomaka watu?"

Niliiona hasira ikipanda ndani ya shingo ya yule kijana, ile ile ya jana. Ilifika kwenye koo. Akachukua kikombe ya maji, akakunywa yote. Halafu akauliza, na sauti ya kuuliza kweli: "Kwenu munafanyaka namna gani?"

Noko akakuna kichwa. "Docteur, nisikudanganye. Hatujafanyaka bado. Kwetu miguu inakufaka pamoja na mwenyewe."

Tukacheka wote, hata shangazi, na kamasi yake. Nadhani kama noko angejibu na ukali, sisi wote tungebaki wima mpaka mugonjwa kufa. Lakini alisema hajui, na munganga pia hakujua, basi wakaanza kutafuta pamoja. Noko akasema: "Nipe mimi. Nitaitanguliza nyumbani. Siku yake ikifika, ataikuta." Munganga akafikiri, akasema lazima iende siku ile ile, na yeye mwenyewe ataifunga vizuri isiletee mutu ugonjwa, na shimo iwe ya kina. Noko akatia kidole ndani ya wino. Muchana ule wakakata.

Kwenye bandari, mutu mumoja alitaka kuangalia kitunga ya noko. "Muzee, samaki gani hiyo unairudisha Basoko? Samaki inatokaka kule, haiendi!" Noko akamjibu: "Ni muguu ya mutoto ya dada yangu." Yule akacheka sana, "Pita, muongo wewe, pita." Noko alikuwa anahadithia ile kila mwaka.

Bibi akapona. Na hapa nikisema ninakumbuka siku zile na hamu, watu wanashangaa, hospitali gani mutu anaitamani? Lakini ni kweli. Yule munganga alianza kuikala. Alitafuta kiti ndogo, aliibeba mwenyewe kutoka kitanda mpaka kitanda. Wengine walimcheka. Lakini ile kelele ya kila asubuhi ilipunguka, na infirmière alisema anamaliza kazi mapema kuliko zamani, juu hana tena haja ya kurudia neno moja mara na mara.

Kisha muguu ya Basoko ikaanza kusema. Bibi aliamka na kilio: vidole vya ile muguu vinauma, iko baridi. Tulipomwambia munganga, kwanza alieleza kuhusu mishipa, kwamba kichwa bado kinakumbuka. Bibi akasikiliza na heshima. Halafu akasema, "Ndiyo, mutoto yangu. Lakini iko baridi."  Munganga akauliza: "Kule Basoko maji imepanda?" Tukapigia noko. Noko akasema ndiyo, muto imefika karibu na nyumba, udongo yote imelowa. Akaitoa pale, akaipeleka juu kidogo, akaezeka na majani. Bibi akalala vizuri. Ni mishipa, ni majani, mimi sijui, na munganga hakusema anajua. Alimpa pia dawa ya mishipa, na alikunywa.

Tangu siku ile, kila alipomuona, aliuliza kwanza: "Mama, na leo kule Basoko iko namna gani?" Bibi alimpa habari yote. Leo kuna jua. Leo watoto wamekimbia juu. Siku zingine, siku ya Yenga, ndiyo Jumapili, alikuja hapa nyumbani, aliikala pale chini ya paa ya jiko, alikula, alilala akiwa ameikala. Siku moja aliniambia: "Papa, nikitoka hapa ninaweza kurudia kazi." Bibi alikuwa na rundo la sandale za kuume, mpya, hazijakanyagwa, juu sokoni hawakuuzii moja. Munganga alimuuliza anaziwekea nani. "Ile ya Basoko inaweza kuzihitaji," akajibu, na wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Kiti haikumaliza yote, nisiseme uongo. Wenzake hawakurudi. Wagonjwa walizidi, wengine walitoka mbali juu walisikia kuna munganga anayeikala. Dawa ilikosekana. Mutoto mumoja akamfia, na baba akamshika koo mbele ya watu wote. Nilikuwa pale, nilikuwa nimepeleka bibi. Tuliona uso ya munganga ikijifunga. Wiki iliyofuata alisimama mwisho ya kitanda, mukono juu ya chuma. Aliangalia kidonda kama fundi anaangalia baiskeli ya mutu asiyemjua. "Ça va, mama. Vizuri. Mwingine."

Njiani, juu ya baiskeli, bibi alikuwa anaangalia nyuma mpaka kwenye daraja. Halafu akasema: "Leo hakuuliza Basoko."

Hakuuliza tena. Tulimpelekea lituma, akasema merci, akaiacha juu ya meza. Siku moja tulifika na kulikuwa na mwingine, na yule alituambia mwenzake ameondoka. Bila kuaga! Mimi nilikasirika. Nilisema mengi nyumbani, kwamba watu wa Kinshasa ni vile, wanakula kwako na wanakusahau.  Bibi alikuwa anaangalia njia.

Halafu noko akapiga simu. Sauti yake ilikuwa inakatika na upepo ya muto.

"Munganga yenu alipita hapa."

Hakuwa amepanda ndege. Alishuka na boti mpaka Kinshasa, siku nyingi juu ya maji, na boti iliposimama Basoko kupakia, alitoka, aliuliza watu, mpaka nyumba ya noko. Alisema anataka kuona muguu ya mama. Noko akamuonyesha, majani, na sandale moja ambayo bibi alikuwa ametuma. Akampa kiti. Yule kijana akaikala pale karibu na ile muguu, akalia. Noko alisema hakulia kama mutu wa kufiwa, alilia kama mutu anayetapika. Noko alifukuza nzi tu. Alipomaliza akasema: "Nimekata miguu mingi, muzee. Sikujua hata moja iko wapi. Ni hii peke yake."

Boti ikapiga honi. Noko akamfungia samaki. Tangu hapo, hakuna habari. Namba yake haipiti. Labda anafanya kazi ingine, labda anauza simu, labda ni munganga kule na anaikala. Kila koti nyeupe nyembamba ikipita barabarani, bibi anaibania macho. Mimi pia, lakini mimi ninajifanya naangalia gurudumu.

Noko naye alikufa, msimu ya mvua iliyopita. Kiti yake wakatuletea kwa boti.

Ndiyo kusema sasa niko na kidonda ndogo kama mbegu ya pilipili, bibi anayengoja munganga asiyerudi, na hakuna noko wa kuita. Ndugu mudogo ya noko iko, alisema kwa simu, "Muzee, fanya wewe, mimi sijui mambo ile." Nikaandika haya mpaka hapa, nikaweka kalamu chini. Nikamwambia bibi: "Uko na muguu moja ya kukungoja Basoko. Unataka ziwe mbili, na wewe ubaki hapa na mimi kama gunia?"

"Nani ataniuliza habari ya Basoko?" akasema. Ndio hapo nilielewa alichokuwa anangoja.

Jana asubuhi nilimpandisha juu ya baiskeli, nikafunga kiti ya noko nyuma, nikasukuma. Kuna munganga mupya, mwanamke, kijana. Alikuwa wima kwenye mulango, anaandika juu ya kiganja. Macho mekundu yale yale. Nilishtuka, ni kama nilimuona ndugu ya yule wa kwanza. Aliniita koko, ndiyo babu.

"Koko, hii kiti ya nini? Siku hizi wagonjwa wanakuja na viti vyao?"

"Si ya mugonjwa, docteur. Ni yako."

"Mimi? Koko, angalia watu hawa wote." Akaangalia kidonda, wima, akasema neno moja kwa infirmière, akaenda. Bibi akanitazama: unaona? Zamani ningerudi nyumbani na hasira. Lakini nilikumbuka noko na kofia yake. Nilimpeleka bibi na kiti nyuma, kwenye kiwanja, nikaomba moto ya wamama wengine, nikapasha lituma niliyobeba. Mimi nikiponda lituma inakuwa na mabonge, niseme wazi.

Jua ilikuwa imepinduka wakati munganga mupya alipita kule kutafuta maji. Nilisema tu: "Ikala, mutoto yangu. Wakati ni yetu, tunakupa." Akasimama pale na kikombe. Akaangalia kiti, akaangalia mulango. Akaikala. Magoti ikapanda. Alivua kiatu moja, akafinya vidole vyake, halafu akavua ya pili.

Akala nusu, halafu akauliza:

"Ile muguu ya kwanza, nani alikata?"

"Munganga yetu," bibi akasema. "Kijana wa Kinshasa."

"Munganga yule iko wapi sasa?"

"Hatujui."

"Alichoka?"

"Alichoka sana."

Akaangalia mikono yake ndani ya sahani. Akanawa, akachukua ile muguu ya kushoto, akaiweka juu ya magoti yake mwenyewe, akaigeuza kwenye mwangaza. Akasema hii tunaweza kuilinda, tumekuja mapema, lakini atataka kuiona kila wiki, na bibi asitembee bila kiatu hata ndani ya nyumba. Aliyasema polepole, ameikala. Tulimjibu ndiyo.

"Na ile ingine," akauliza, kidole bado juu ya kidonda, "walikuambia waliipeleka wapi?"

"Iko Basoko."

"Basoko ya muto?" Aliinua kichwa. Nilingoja acheke. "Na kule inafanya nini?"

Bibi akakaza kitambaa yake. "Leo kuna mvua," akasema. "Majani inatosha, lakini ile sandale itakuwa imelowa."

Nami nikageuka kuangalia mulango, kama kila mara tukiongea Basoko, nione kama hakuna mutu mwembamba anaingia na mufuko yake imepasuka.